Tener, kuanzia tengo hadi hubiera tenido: mwongozo kamili kwa msemaji wa Kiswahili

Usiku wa kupanda kilele cha Kilimanjaro, juu kidogo ya kambi ya Barafu, nilimgeukia mgeni wangu wa Kihispania nikamuuliza kwa kujiamini kabisa: "¿Eres frío?" Alikuwa akitetemeka, meno yanagongana, lakini alisimama akacheka mpaka akakohoa. Kumbe nilikuwa nimemuuliza kama yeye ni mtu mkavu, asiye na moyo wa watu. Nilichotaka kusema ni "¿Tienes frío?", yaani unasikia baridi?

Kosa lile halikutoka kwenye Kiswahili. Lilitoka kwenye Kiingereza, kwa sababu kitabu nilichojifunzia Kihispania kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza hutumia "kuwa" pale ambapo sisi tunasema "kuwa na". Sisi tuna njaa, tuna kiu, tuna haraka, tuna bahati, tuna miaka thelathini. Mhispania naye vivyo hivyo: tengo hambre, tengo sed, tengo prisa, tengo suerte, tengo treinta años. Neno kwa neno. Nilikuwa nimezunguka mji mzima kutafuta kitu kilichokuwa mlangoni kwangu.

Ndiyo maana mwongozo huu unakwenda moja kwa moja kutoka Kiswahili hadi Kihispania, bila kupita kwa jirani. Kitenzi ni tener, "kuwa na". Ni kaidi, hakifuati kanuni za wenzake, lakini ndicho utakachokitumia kila saa. Na usikiogope kwa ukaidi wake, maana "kuwa na" yetu nayo si mpole: wakati uliopo tunasema nina, "kuwa" imetoweka kabisa, wakati uliopita inarudi, nilikuwa na, ukikanusha inageuka sina. Mgeni anayejifunza Kiswahili huanza kwa kusema "ninakuwa na njaa", nasi tunatabasamu. Sasa ni zamu yetu.

Jambo moja la istilahi kabla ya kuanza. Shuleni tulifundishwa kwamba kunyambua kitenzi ni piga, pigwa, pigana, pigisha. Hapa hatufanyi hivyo. Hapa tunabadilisha kitenzi kwa nafsi na kwa nyakati, kama nina, una, ana, nilikuwa na, nitakuwa na.

Hatua ya 1: Jua nafsi zinakaa wapi

Kiswahili huweka nafsi mwanzoni mwa kitenzi: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. Kihispania huiweka mwishoni. Kwa kuwa nafsi tayari imo ndani, huhitaji kutaja "mimi" wala "yo" isipokuwa unasisitiza. "Tengo agua" inatosha, kama "nina maji" inavyotosha. Ukisema "yo tengo" kila sentensi, utasikika kama mtu anayesema "mimi nina, mimi nina" kutwa.

Nafsi ni sita: yo (mimi), tú (wewe), él au ella (yeye), nosotros (sisi), vosotros (ninyi), ellos au ellas (wao). Kihispania hutofautisha yeye wa kiume na wa kike, lakini umbo la kitenzi halibadiliki kwa hilo.

Lililo geni kwetu ni usted, yaani "wewe" ya heshima. Kwetu heshima hukaa kwenye shikamoo na kwenye namna ya kumwita mtu, mzee, mama, bibi. Kitenzi chenyewe hakiguswi. Mzee, una njaa? Kwa Kihispania heshima huingia kwenye kitenzi: unamtamkia mtu aliye mbele yako umbo la "yeye". "¿Tiene hambre?" kwa mzee wa miaka 70, "¿Tienes hambre?" kwa kijana mwenzako. Wahispania wengi baada ya siku moja ya kutembea pamoja watakuambia uache usted. Wakolombia, kinyume chake, wapo wanaoambiana usted hata marafiki wa damu.

Na ninyi: Hispania husema vosotros tenéis. Amerika ya Kihispania yote haitumii vosotros katika mazungumzo, husema ustedes tienen. Argentina, Uruguay na sehemu kubwa ya Amerika ya Kati wana pia vos badala ya tú, na wao husema vos tenés. Ukiwa na wageni wa Madrid jifunze tenéis. Ukiwa na wa Mexico, usijisumbue nayo.

Hatua ya 2: Hesabu mashina, usihesabu maumbo

Ukifungua jedwali la tener utaona maumbo mengi sana, ukate tamaa. Usilikariri hivyo. Tener ina mashina matano tu, kama vidole vya mkono:

ten- (tenemos, tenía, tenido, teniendo)
teng- (tengo, na tenga yote)
tien- (tienes, tiene, tienen)
tuv- (tuve, tuviera)
tendr- (tendré, tendría)

Mimi niliyaandika kila moja kwenye ukurasa wake wa daftari la mraba mraba, na kila umbo jipya nililokutana nalo nililipeleka nyumbani kwake. Baada ya wiki mbili kurasa zilikuwa zimejaa na sikumbuki siku niliyokaa kukariri. Jambo la kujua ni wakati gani unafungua mlango wa shina lipi, na hilo ndilo hatua zinazofuata zinashughulikia.

Hatua ya 3: Wakati uliopo

yo tengo: nina
tú tienes: una
él, ella, usted tiene: ana
nosotros tenemos: tuna
vosotros tenéis: mna
ellos, ellas, ustedes tienen: wana

Mashina matatu ndani ya wakati mmoja. Inaonekana fujo, lakini sikiliza mkazo. Kwa maneno yanayoishia na irabu, n au s, Kihispania huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na Kiswahili. Mkazo ukiangukia kwenye e ya shina, e hiyo hupasuka ikawa ie: TIE-nes, TIE-ne, TIE-nen. Mkazo ukihamia kwenye mwisho, e inatulia: te-NE-mos, te-NÉIS, te-NÉS. Mkazo ndio unaoamua. Ukishalielewa hili kwa tener umelielewa kwa querer (quiero, queremos), pensar (pienso, pensamos) na vitenzi vingine chungu nzima. Hata ile o inayogeuka ue, kama duermo na dormimos, hufuata sheria hiyohiyo.

Tengo ndiyo pekee inayokataa kupasuka, kwa sababu imejiwekea g. Itamke ng kama ya "tenga", lile kapu la samaki, si kama ya ng'ombe. Kwa kweli tenga lenyewe ni neno la Kihispania pia, na linatamkwa vilevile. Tutakutana nalo baadaye.

Kukanusha ndiyo zawadi kubwa ya Kihispania. Sisi tuna sina, sikuwa na, sitakuwa na, nisiwe na. Wao huweka no mbele, basi: no tengo, no tenía, no tendré.

Na ukijibu swali, usiache kitu chako hewani. Kwetu ukiulizwa "Una pasipoti?" unajibu "Ninayo". Hiyo -yo ni lazima. "Nina" peke yake inaning'inia. Kihispania kina kitu hichohicho, ila kimewekwa mbele: "¿Tienes el pasaporte?" "Sí, lo tengo." Ukiwa na ufunguo, la llave, utasema la tengo, vitu vingi vya kiume, los tengo, vya kike, las tengo. Sisi tuna ninayo, ninacho, ninalo, ninazo, ninavyo, ninao. Wao wana nne tu. Mtu aliyekua na ngeli hawezi kulalamika kuhusu jinsia mbili.

Hatua ya 4: Wakati uliopita, na hapa kaa kitako

Kihispania kina nyakati mbili zilizopita pale ambapo sisi mara nyingi tunatumia "nilikuwa na" moja. Nimeona watu wanaozungumza Kihispania kwa miaka bado wanateleza hapa, mimi nikiwa mmoja wao.

Ya kwanza ni tenía. Haina ukaidi wowote, shina ni ten-: tenía, tenías, tenía, teníamos, teníais, tenían. Msemaji wa Kiswahili huisoma vizuri bila kufundishwa, te-NI-a, kwa sababu sisi hatuunganishi irabu.

Ya pili ni tuve: tuve, tuviste, tuvo, tuvimos, tuvisteis, tuvieron. Angalia kwamba hakuna alama ya mkazo hata moja. Kitenzi cha kawaida kama comer husema comí, comió, mkazo mwishoni. Tuve na tuvo hubaki na mkazo wa Kiswahili: TU-ve, TU-vo. Herufi v isome kama b laini, midomo ikikaribiana bila kubana.

Hiyo tuv- imetoka wapi? Katika Kihispania cha zamani ilikuwa tove, iliyofuata mkumbo wa ove, umbo la kale la haber, kitenzi kisaidizi tutakachokutana nacho hatua ya 9. Estar na andar nazo zikaingia mkumbo huohuo, ndiyo maana leo tuna tuve, estuve na anduve kama ndugu watatu. Na miisho hiyo, -e, -iste, -o, -imos, -isteis, -ieron, ni ileile kwa pude, puse, supe, hice, quise na vine. Ukijua tuve umepata funguo za nyumba kadhaa.

Sasa tofauti. Tenía ni hali iliyokuwapo, imetanda, hatujui ilianza lini wala iliisha lini. Tuve ni tukio: kitu kilikuja, kikatokea, kikaisha. Kiswahili kina maneno ya kutofautisha hilo, ila hatujazoea kuyaona kama wakati wa kitenzi:

Tenía miedo: nilikuwa na hofu.
Tuve miedo: hofu ilinishika, niliingiwa na hofu.

Tenía una idea: nilikuwa na wazo.
Tuve una idea: wazo lilinijia.

Tenía una hija: alikuwa na binti.
Tuvo una hija: alijifungua mtoto wa kike.

Ukiweza kusema kilinijia, nilipata, niliingiwa na, ilinibidi, tumia tuve. Ukiweza kusema "nilikuwa na" ukaridhika, tumia tenía. Kuna na jaribio jingine ninalolipenda zaidi: ile -ka- ya masimulizi. Tukisimulia, mandhari tunaiweka kwa "alikuwa", matukio yanafuatana kwa -ka-. Sentensi hii niliisema mara nyingi nikiandika ripoti za safari: "El cliente tenía dolor de cabeza y tuvimos que bajar." Mgeni alikuwa na maumivu ya kichwa, ikabidi tushuke. Kichwa ni mandhari, kushuka ni -ka-. Si kanuni ya vitabuni, na haishiki kila mara, lakini ukiwa katikati ya mazungumzo huna nafasi ya kufungua kitabu.

Tofauti hiyo inakuwa kubwa kwenye tener que, "kulazimika". "Tenía que bajar" ni nilipaswa kushuka, na msikilizaji hajui kama ulishuka. "Tuve que bajar" ni ilinibidi nishuke, nikashuka. Kwa mwongoza watalii anayeeleza kilichotokea mlimani, kuchanganya hizo mbili si jambo dogo.

Umri uliopita, siku zote tenía. "Cuando tenía ocho años", nilipokuwa na miaka minane. Na kwa ajili ya heshima yako, itamke ñ ya años kama ny ya nyanya. Ukiitamka n tupu, umetaja sehemu ya mwili isiyotajwa mezani, tena umesema unazo thelathini.

Hatua ya 5: Wakati ujao na "ningekuwa na"

Tendré, tendrás, tendrá, tendremos, tendréis, tendrán: nitakuwa na, utakuwa na, na kuendelea. Mkazo unakwenda mwishoni, isipokuwa tendremos.

Tendría, tendrías, tendría, tendríamos, tendríais, tendrían: ningekuwa na. Miisho ni ile ya tenía, shina ndilo jipya.

Umbo hili lina hadithi fupi. Wakati ujao wa Kihispania ulizaliwa kwa kuunganisha kitenzi kizima na he ya haber: tener he, ikawa teneré, e ya katikati ikamezwa, kisha d ikajipenyeza kati ya n na r ili ulimi upite. Sisi nasi tulifanya hivyo: -ta- ya "nitakuja" imetoka kwenye -taka, na bado inaonekana nzima katika "atakayekuja" na "nitakapofika".

Shida yetu ni kinywani. Kiswahili hakipendi d na r zigusane. Ndiyo maana anayeendesha gari kwetu ni dereva. Usiseme "tenderé". Fanya zoezi hili: sema "tend", simama, kisha "ré". Punguza kimya hadi kitoweke.

Hatua ya 6: Tenga, au "uwe na"

Vitabu vingi huchelewesha somo hili mpaka mwishoni, kwa woga. Woga huo si wetu. Kiswahili kina umbo hili na tunalitumia tangu utotoni: asome, tule, uwe na. Irabu ya mwisho inageuka kuashiria kwamba jambo halijawa, linatakiwa, linaombwa, linaagizwa. Kihispania hufanya ujanja uleule wa kugeuza irabu: habla inakuwa hable, a kwenda e, kama soma na asome. Kwa vitenzi vya -er na -ir inakwenda kinyume: come inakuwa coma.

Tener huchukua shina la tengo, inaangusha o, inaweka a: tenga, tengas, tenga, tengamos, tengáis, tengan. Njia hiyohiyo inakupa venga kutoka vengo, ponga kutoka pongo, salga, diga, haga.

Quiero que tengas paciencia: nataka uwe na subira.
Es necesario que tengamos agua: ni lazima tuwe na maji.
Que tenga un buen día: uwe na siku njema.

Hadi hapo Kiswahili ni mwalimu mzuri. Sehemu mbili kinakupotosha. Ya kwanza ni shaka: sisi tunasema "sidhani kama ana pesa", kitenzi hakijabadilika, lakini wao husema "no creo que tenga dinero". Ya pili ndiyo mtego mkubwa: "utakapokuwa na nafasi". Kwa kuwa tunasikia -ta- ya wakati ujao, ulimi unakimbilia "cuando tendrás tiempo". Hapana. Baada ya cuando inayohusu siku zijazo ni tenga: "Cuando tengas tiempo, llámame." Nililikosea hili mwaka mzima kabla mtu hajanisahihisha, kwa sababu walionisikia walielewa na hawakutaka kuniaibisha.

Kisha kuna ojalá. Neno hili ni la Kiarabu, limetoka kwenye kutaja mapenzi ya Mungu, sawa na inshallah yetu. Wahispania waliishi na Kiarabu karne nyingi, kama pwani yetu ilivyoishi nacho kwa njia nyingine. Hata hasta yao na hata yetu zina asili moja. Ojalá hufuatwa na umbo hili. "Ojalá tenga suerte", inshallah atakuwa na bahati. Ukiwa huna matumaini, ukitamani kisichokuwapo, geuza kuwa "ojalá tuviera", na hapo Kiswahili chake ni laiti: laiti ningekuwa na.

Hatua ya 7: -nge- na -ngali-

Tuviera, tuvieras, tuviera, tuviéramos, tuvierais, tuvieran. Chukua tuvieron, toa -ron, weka -ra. Njia hiyo haishindwi na kitenzi chochote cha Kihispania. Utakutana pia na tuviese, tuvieses. Ni umbo jingine lenye maana hiyohiyo, lijue ukilisikia, huna haja ya kulitumia.

Sisi tunaweka -nge- pande zote mbili za sentensi: ningekuwa na pesa, ningekuwa na gari. Wao hugawa: "Si tuviera dinero, tendría coche." Upande wenye si unachukua tuviera, upande wa pili tendría. Hispania ya kaskazini wapo wenyeji wanaosema "si tendría", na walimu wao huwasahihisha. Wewe usianzie huko.

Kwa sharti la kawaida lenye -ki-, ni wakati uliopo tu: "Si tienes frío, dímelo", ukisikia baridi niambie. Kamwe usiweke tendrás baada ya si hii ya sharti.

Jambo lililokwisha pita lisiweze kurudi, ile -ngali-, linaomba haber: "Si hubiera tenido dinero, habría comprado la casa." Ningalikuwa na pesa, ningaliinunua nyumba.

Hatua ya 8: Amri

Ten kwa mtu mmoja unayemzoea, tenga kwa usted, tened kwa vosotros, tengan kwa ustedes, tené kwa vos. Ukikataza, yote yanarudi kwenye tenga: no tengas miedo, usiogope. "Ten cuidado", kuwa mwangalifu, ndiyo utakayoitumia kuliko zote. Muuza duka akikukabidhi chenji huku akisema "tenga", hakuambii uweke pembeni kitu. Anasema shika, pokea.

Hatua ya 9: Haber, kuna, na homa ya siku tatu

Tenido ni "-mekuwa na" ikisaidiwa na haber: he tenido, has tenido, ha tenido, hemos tenido, habéis tenido, han tenido. Mtu wa Madrid jioni atakuambia "hoy he tenido mucho trabajo". Wa Mexico atasema "hoy tuve mucho trabajo". Wote wako sawa kwao.

Usiseme "tengo tenido". Haber ndiyo inayosaidia, tener inabaki na kazi yake ya kumiliki. Na hapa ndipo Kiswahili kinapochimba shimo jingine: kuna. Kwetu "kuna watu" imejengwa kwa -na ileile ya "nina", kwa hiyo mkono unakwenda "tiene gente". Kwa Kihispania ni hay, ya haber: "hay gente", "¿hay agua?" Zamani palikuwa na watu: "había gente".

Wale wanaosema "niko na njaa", kama ilivyo kawaida Kenya, wajihadhari na "estoy con hambre". Mreno angewaelewa haraka, kwa sababu kwake ndivyo inavyosemwa, estou com fome. Mhispania atasubiri tengo.

Na "nimekuwa na homa siku tatu sasa", kama homa bado ipo, usiifanye he tenido. Sema "tengo fiebre desde hace tres días". Nina, bado ninayo.

Hatua ya 10: Peleka mtaani

Haya yanakubali kutoka Kiswahili bila kuguswa: hambre (njaa), sed (kiu), sueño (usingizi), prisa (haraka), suerte (bahati), fiebre (homa), ganas de (hamu ya), años (miaka). "Sina budi" nayo ina pacha wake: "no tengo más remedio que ir", sina budi kwenda. Halafu kuna yale ambayo sisi tunayasikia au kuyaona, wao wanayo: tunasikia baridi, wana frío, tunasikia joto, wana calor, tunaona haya, wana vergüenza. Usijaribu kamwe "estoy caliente" ukimaanisha joto la mchana. Hilo ni neno la chumbani.

Yule mgeni wa Barafu, tulipokuwa tunateremka kutoka Uhuru, mita 5,895, aliniuliza kwa Kiswahili alichojifunza njiani kwa wapagazi: "Wewe ni baridi?" Nilistahili.

Ukishamudu tener, chukua na jamaa zake bila malipo: mantener (kudumisha), obtener (kupata), detener (kuzuia, kukamata), contener (kuwa na ndani yake), sostener (kushikilia), entretener (kuburudisha). Zote zinafuata mashina matano: mantengo, mantienes, mantuve, mantendré. Kinachobadilika ni alama kwenye amri: ten haina, mantén na detén zinayo.

Sasa funika chini, utafsiri kwa mdomo kabla ya kuandika.

1. Nina haraka, sina nafasi.
2. Tulipokuwa watoto tulikuwa na mbuzi wawili.
3. Jana ilinibidi nirudi nyumbani.
4. Utakapokuwa na pesa, nilipe.
5. Ningekuwa na pesa, ningenunua nyumba.
6. Kuna maji?
7. Una tiketi? Ndiyo, ninazo.
8. Laiti ningalikuwa na bahati!

Majibu:

1. Tengo prisa, no tengo tiempo.
2. Cuando éramos niños, teníamos dos cabras.
3. Ayer tuve que volver a casa.
4. Cuando tengas dinero, págame.
5. Si tuviera dinero, compraría una casa.
6. ¿Hay agua?
7. ¿Tienes los billetes? Sí, los tengo. (Mexico na Argentina wangesema boletos au pasajes.)
8. ¡Ojalá hubiera tenido suerte!

Ukikosa la nne au la sita, hukukosa Kihispania. Kiswahili ndicho kilichokuvuta shati. Rudi hatua ya 6 na ya 9, kisha tunga sentensi zako tano za cuando tengas zinazohusu watu unaowadai kweli. Hizo hazisahauliki.